Foleni Huanzia Kwenye Karai

Pemba hakuna McDonald's. Chakula cha haraka cha kisiwa hiki ni chipsi za karai, mishikaki, kachori, urojo na supu ya pweza. Mwenye kukiuza hana jengo lenye uwanja wa kuegesha. Ana banda, meza, taa na jiko, na mbele yake ni lami. Aliyezoea foleni za Dar es Salaam akiambiwa kuwa banda moja la chipsi linaweza kuifunga njia ya kwenda Vitongoji, atacheka. Acha acheke. Barabara ya njia mbili isiyo na pembezoni hufungwa na gari mbili tu, moja upande huu na nyengine upande wa pili, na ikishafungwa aliye nyuma hana pa kupindia.

Na njia hii si ya kuchezea. Anayetoka mji wa Chake Chake kuelekea mashariki, kupitia Wawi, anakwenda zaidi ya nyumbani tu. Vitongoji kuna hospitali, kuna kambi ya jeshi ya Ali Khamis, kuna skuli, na kuna watu wanaofanya kazi mjini na kurudi kila jioni. Kisiwa chenyewe kimejaa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 406,848 Pemba; ile ya 2022 ikahesabu 543,441. Ni ongezeko la thuluthi moja ndani ya miaka kumi, na barabara hazikuongezeka kwa kiasi hicho. Kwa hiyo swali la banda la chipsi lichukuliwe kwa uzito wake, maana gari ya wagonjwa hupita mumo humo anamopita mnunuzi wa mishikaki.

Tuanze na mteja mwenyewe. Mteja wa pikipiki au wa vespa haegeshi, anasimama. Anayeegesha hutafuta pahala, huangalia nyuma, huzima mashine. Anayesimama hujiambia ni dakika moja tu, huacha gurudumu la nyuma juu ya lami, mara nyengine na mashine ikiunguruma, kisha huambiwa na muuzaji, "Ngojea kidogo bwana, zinaiva." Kila aliyejaa pale alikuja kwa nia ya dakika moja. Ndiyo maana kibao cha kukataza kuegesha hakimgusi mtu: hakuna anayejiona kuwa ameegesha.

Profesa Donald Shoup wa Los Angeles aliandika mengi juu ya magari yanayozunguka mitaa yakitafuta nafasi. Mwaka 2005 alitoa kitabu kizima kuhusu gharama za maegesho ya bure, na dawa aliyoisisitiza ni kutoza ada inayolingana na uhaba wa nafasi. Kwa London au San Francisco hoja yake ina nguvu. Kwa Vitongoji haina. Huku hakuna anayezunguka. Mtu husimama pale pale mbele ya karai. Na mtoza ada akilipwa mshahara wa kukaa usiku kando ya banda la chipsi, Baraza la Mji litakula hasara.

Kinachofaa zaidi hapa ni hesabu ya zamani kidogo, na haikutoka kwa wahandisi wa barabara. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, Mdenmark aliyekuwa akishughulika na simu za Copenhagen, alianza kuchapisha hesabu za foleni: watu wangapi watasubiri laini, kwa muda gani, ikiwa wapigaji wanakuja bila mpangilio. Baadaye, mwaka 1961, Mmarekani John Little alithibitisha kanuni nyepesi ambayo kila muuza chakula angeifahamu mara moja: idadi ya watu waliopo mbele yako ni sawa na kasi wanayoingia mara muda kila mmoja anaokaa.

Tuchukulie banda linapata mteja mmoja kila dakika, kwa wastani, kuanzia magharibi hadi isha. Muuzaji ni mmoja. Anachota, anafunga, anatia pilipili na tomato, anapokea pesa, anatafuta chenji. Kila mteja anamchukulia sekunde 50. Ukidhania kuwa wateja wanakuja kwa kubahatisha na muda wa kuhudumia nao unapanda na kushuka, hesabu za Erlang na waliomfuata zinakupa wastani wa watu 5 mbele ya banda, na kila mmoja anakaa dakika 5. Sasa muuzaji yule yule achelewe kidogo tu, atumie sekunde 57 badala ya 50. Sekunde saba. Wastani wa watu unaruka hadi 19, na kila mmoja anakaa dakika 19.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Wanaona pikipiki 19 barabarani wanafikiri wateja wamezidi mara nne, au kwamba njia imekuwa nyembamba. Wateja ni wale wale, mmoja kwa dakika, na lami ni ile ile. Kilichobadilika ni sekunde saba, labda kwa sababu ya noti ya shilingi elfu kumi isiyo na chenji.

Muweke muuzaji wa pili, naye wa mwendo ule ule wa sekunde 57, foleni ikiwa moja na anayefuata anakwenda kwa yeyote aliye huru. Wastani wa watu unashuka kutoka 19 hadi mmoja na kidogo. Sijui mradi wowote wa ujenzi wa barabara unaoweza kuahidi hivyo kwa ujira wa kijana mmoja wa jioni.

Bila shaka banda la kweli si karatasi. Karai lina mwendo wake. Muuzaji anayetia viazi vingi kwa pamoja mafuta yanapoa, na mafuta yakipoa viazi vinanyonya badala ya kuiva, na dakika zinazidi. Wazoefu hukaanga nusu mapema, alasiri, wakavitoa vikachuja, kisha mteja akifika huvirudisha kwenye mafuta ya moto sana kwa dakika mbili au tatu. Chipsi za namna hiyo huwa nzuri zaidi, kavu nje na laini ndani, na mteja huondoka upesi. Nyama nayo ikishachomwa hukaa pembeni mwa makaa ikisubiri kupashwa. Yai ndilo lenye taabu: chipsi mayai haipikwi mapema, kila sahani inataka kikaango chake. Banda lenye wateja wengi wa chipsi mayai linahitaji jiko la pili kwa kazi hiyo tu, lisizuie wale wanaotaka chipsi kavu. Na malipo ya simu yana kazi kubwa kuliko ile inayotangazwa: yanaua tatizo la chenji, ilimradi namba imeandikwa kwa herufi kubwa pale mbele, mteja alipe wakati anasubiri na sio baada ya kukabidhiwa.

Hata hao wenye majina makubwa walianzia hapa. Ndugu wawili wa McDonald huko San Bernardino, California, walikuwa na mkahawa uliosifika ambamo wahudumu waliwafuata wateja ndani ya magari yao. Uwanja ulijaa, magari yalikaa. Mwaka 1948 waliufunga kwa muda, wakawaondoa wahudumu wa nje, wakapunguza orodha ya vyakula hadi vichache, na baadaye wakachora mpango wa jiko kwa chaki juu ya kiwanja cha tenisi ili waone wapishi watapishana vipi. Uwanja wa magari hawakuugusa. Walichokipunguza ni muda wa mtu kusubiri, na sehemu kubwa ya historia ya chakula cha haraka duniani ikafuata mpango ule.

Kisha likaja dirisha la kununulia ukiwa ndani ya gari. La kwanza la McDonald's lilifunguliwa mwaka 1975 huko Sierra Vista, Arizona, kwa sababu ya wanajeshi wa kambi ya Fort Huachuca waliokuwa wamekatazwa kushuka garini mjini wakiwa na mavazi ya kazi. (Wenye banda karibu na Ali Khamis wasije wakapata mawazo.) Dirisha lile lilipendwa mno, na mapenzi yakaleta mstari wa magari unaotoka uwanjani na kumwagikia barabarani. Mwaka 2019 mji wa Minneapolis ukapiga marufuku madirisha mapya ya aina hiyo. Mtu aliyekaa garini anachukua mita tano za barabara akisubiri. Aliyesimama kwa miguu anachukua nusu mita. Kwa hiyo desturi yetu ya kushuka na kusogea mezani, ambayo wengine wanaiona ya kishamba, ndiyo inayookoa njia. Lililobaki ni kujua chombo cha mteja kimebaki wapi wakati yeye yuko mezani.

Hapo tunaingia kwenye mita. Chukua lami yenye upana wa mita 6. Gari ndogo ina upana wa karibu mita 1.8. Mbili zikisimama zikikabiliana, upande huu na ule, zinabakisha mita 2.4. Lori halipiti. Daladala inapita kwa konda kuteremka na kuelekeza kwa mkono. Gari za pande mbili zinaanza kupokezana, na barabara ya njia mbili imekuwa ya njia moja. Pikipiki, ambayo ina urefu wa karibu mita 2, ikisimama ubavu kwa lami inachukua karibu sentimita 80. Ikielekeza taa kwenye banda na mkia barabarani, inachukua mita zote mbili. Na hivyo ndivyo karibu kila mtu anavyosimama, kwa kuwa ni rahisi.

Dawa ya hili ni ya mafundi wa kawaida. Mara nyingi kati ya lami na banda kuna mtaro. Ukifunikwa kwa mifuniko ya zege kwa urefu wa mita 10, na ardhi ikashindiliwa kina cha mita 2 kutoka ukingo wa lami, pikipiki 12 zinaingia zikiwa zimepangwa bega kwa bega, hakuna hata moja inayogusa njia. Lakini angalia tena ile hesabu ya mwanzo. Mita 10 zinatosha banda lenye watu 5, hata 10. Haziwezi kutosha banda lenye watu 19. Anayejenga maegesho bila kugusa karai atajenga kila mwaka.

Gari za abiria ni sura nyengine. Dereva anajua abiria wake wana njaa. Abiria anajua dereva atamsubiri. Kituo rasmi kinaweza kuwa mbele, lakini kituo cha kweli kinahamia penye harufu. Ugomvi na madereva hausaidii sana. Kinachosaidia ni kukisogeza kituo, kwa makubaliano, mita 50 au 60 baada ya banda kwa upande wa kuondokea mjini, kukiwa na nafasi ya gari kutoka kabisa kwenye lami. Mteja atarudi nyuma kwa miguu bila kulalamika. Kikiwekwa kabla ya banda, gari inayosubiri abiria itazuia zinazotaka kupita na tutakuwa tumelihamisha tatizo kwa hatua chache tu.

Ramadhani inavuruga hesabu zote hizi. Mchana hapauzwi chakula. Biashara nzima ya siku inabanwa kati ya alasiri na magharibi. Pemba iko karibu na ikweta, jua linatua karibu na saa 12 na nusu mwaka mzima, na hakuna mnunuzi anayeweza kusema atakuja baadaye. Siku za kawaida mtu akiona watu wengi hupita akarudi saa 2 usiku. Mfungaji harudi; anataka kachori na bajia zake ziwe sahanini kabla ya adhana. Wateja hawaji tena mmoja kwa dakika, wanakuja watano, na muuzaji wa pili hatoshi, wala wa tatu.

Kwa mwezi huo nionavyo ni lazima mauzo yatawanywe, na jambo hili watu wa visiwani walilifanya kabla ya kuwepo kwa banda lolote. Futari ilitembea kwa miguu. Mtoto alibeba sahani iliyofunikwa kawa ya ukindu kutoka nyumba hii kwenda ile, na sahani nyengine ikarudi. Tambi za huku zikabadilishana na muhogo wa nazi wa kule. Nani leo atakuwa na muda wa kupika aina tano? Lakini mpangilio ule unaweza kufuatwa kibiashara: muuzaji aliye barabarani apokee maagizo kwa simu hadi adhuhuri, na mizigo ya futari ishushwe kwenye meza ndogo ndani ya mitaa, karibu na misikiti, kila meza ikihudumia majirani wanaokuja kwa miguu. Meza sita zenye wateja kumi kumi hazifungi njia. Meza moja yenye sitini inaifunga, tena katika nusu saa ambayo kila dereva ana njaa na ana haraka.

Kuna wanaosema mbona usafirishaji wa pikipiki umeshamaliza tatizo hili kwengineko. Nairobi, ambako KFC ilifika mwaka 2011 na wapeleka chakula wa Glovo mwaka 2019, inaonyesha kilichotokea: wateja wamekaa nyumbani, na wapeleka chakula wamejazana mlangoni wakisubiri maagizo. Pikipiki moja inayobeba mizigo sita ni nafuu kweli. Pikipiki sita zenye mzigo mmoja mmoja ni foleni ile ile iliyovaa fulana.

Nimechelewesha kwa makusudi jibu ambalo wakubwa hulitoa kwanza, nalo ni kuwaondoa. Tanzania Bara mwaka 2021 wamachinga wa Dar es Salaam walitakiwa kuhama kandokando ya barabara na kwenda maeneo yaliyopangwa. Kabla ya hapo, mnamo 2010, lilikuwa limejengwa Machinga Complex pale Ilala, jengo la ghorofa lililokaa miaka mingi na vizimba vitupu kwa sababu mnunuzi wa mchicha na soksi hapandi ngazi. Nairobi walijenga Muthurwa, na bado wachuuzi wakarudi katikati ya mji. Ukiwatazama waliorudi utadhani ni ukaidi. Ni hesabu: mteja wao ni mpita njia, na pasipo njia hakuna mteja.

Zipo sehemu uhamisho ulifanikiwa, na inafaa kuuliza kwa nini. Singapore, kuanzia 1971 hadi katikati ya miaka ya 1980, iliwahamisha wachuuzi wa barabarani kwenye vituo vya chakula vyenye maji, mifereji na meza, lakini vingi iliviweka kwenye mitaa ya majengo ya makaazi na karibu na vituo vya basi. Mwaka 2020 utamaduni huo ukaingizwa katika orodha ya UNESCO. Na karibu zaidi kuna Forodhani, Unguja. Bustani ile ilikarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa upya mwaka 2009, ikawekewa taa, maji na mifereji, na wauza pweza na urojo wakarudi pale pale baharini ambapo watu hutembea jioni. Meza ziko ndani ya bustani, gari ziko nje. Mlaji anaingia kwa miguu. Hakuna aliyehitaji kumuondoa mtu kwa ajili ya barabara.

Vitongoji haihitaji Forodhani ya pili, wala haina fedha zake. Ila kanuni yake inatosha: mpe muuzaji sakafu, maji na mwanga hatua 15 kutoka lami, sio kilomita 3. Mtu anayependa chipsi za fulani atatembea hatua 15.

Upanuzi wa barabara nitausemea kidogo tu. Serikali ya Mapinduzi imekuwa ikijenga njia kubwa Pemba, mojawapo ile ya Chake Chake hadi Mkoani yenye kilomita 43.5, na ni jambo jema kwa kisiwa. Lakini mbele ya banda la chipsi lami pana huzaa mambo mawili: kusimama kunakuwa rahisi zaidi, na wapitao wanakwenda mbio. Shirika la Afya Duniani linasema mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia 4. Mtoto aliyetumwa akalete mishikaki ng'ambo ya pili ndiye anayeilipa hesabu hiyo. Matuta mawili kabla na baada ya banda yana faida kuliko mita moja zaidi ya lami. Na pembezoni mwa njia za Pemba si mali ya gari peke yake: msimu wa karafuu ukifika, majamvi hutandikwa, na pesa za karafuu hizo hizo ndizo zinazoongeza wateja wa jioni.

Nani afanye haya? Trafiki akisimama pale, njia inafunguka, akiondoka, inafungwa. Yeye ni wa siku ya sikukuu. Mwenye banda ana uwezo wa kubadili dakika, na ana sababu, kwani mteja anayehudumiwa upesi hununua tena. Kufunika mtaro na kusogeza kituo ni kazi ya Baraza la Mji Chake Chake pamoja na wenye dhamana ya barabara. Sheha ndiye anayejua nani ana kiwanja nyuma ya banda na nani atakubali kukikodisha.

Na kuna kikwazo ambacho hakuna msaidizi wala mfuniko wa mtaro utakaokiondoa. Banda likifanikiwa, la pili hujengwa ubavuni mwake. Mwanauchumi Harold Hotelling alieleza mwaka 1929 kwa nini wauzaji hukimbilia pahala pamoja: kila mmoja anaogopa kumuachia mwenzake wateja wa katikati. Dakika zilizookolewa kwa muuzaji wa pili zinarudi kwa banda la pili. Kwa hiyo ruhusa ya kuweka banda ndiyo yenye nguvu kuliko faini zote, na ingetolewa kwa masharti mawili. La kwanza, mabanda yote yanayouza wakati mmoja yawe upande mmoja, ili gari zisikabiliane. La pili ni upande wenyewe. Sisi huendesha kushoto, na jioni watu wanatoka Chake kurudi makwao, kwa hiyo chipsi na mishikaki vikae kushoto kwa anayekwenda Vitongoji, asilazimike kukata njia. Asubuhi mambo hugeuka: wauza chai, vitumbua na maandazi wakae ng'ambo, kushoto kwa anayekwenda mjini, na wawe wameshafungasha kabla ya karai la jioni kuwashwa.